Programu ya imla haikubali kuingia kwenye laptopu mpya: maswali ninayoulizwa kila siku

Meza yangu ipo Mlandege, Unguja, na mara moja moja huvuka kwenda Chake Chake na begi langu la vifaa. Kazi yangu ni kuchapa na kutengeneza kompyuta, lakini tangu watu wajue kwamba unaweza kusema na mashine ikaandika, shida inayonifikia zaidi ni moja tu kwa sura nyingi: "Nimenunua laptopu mpya, programu ya kuandika kwa sauti haikubali kuingia." Nimeyaweka majibu hapa ili nisiyarudie kwa simu saa nne za usiku.

Programu hizi naziita za imla, kwa sababu ndivyo tulivyofanya skuli: mwalimu anasoma, wanafunzi wanaandika. Majina ya vitufe nimeyaacha kama yanavyoonekana kwenye skrini, maana wengi wetu Windows zetu ni za Kiingereza.

Nianzie wapi kabla sijagusa kitu?

Anza na swali ambalo hakuna mteja aliyewahi kuniuliza yeye kwanza: utaisemesha lugha gani?

Sikutanii. Alinijia maalim mmoja mstaafu kutoka Wete, vidole vimeanza kumkaza, anataka kuandika kumbukumbu za miaka yake ya kusomesha. Mwanawe aliye ng'ambo alimletea laptopu nzuri na akamlipia programu ya imla. "Mwanangu," akaniambia, "nimeipa kila inachotaka, mpaka barua pepe nimefungua kwa ajili yake, bado inanikatalia." Nikakaa nayo, nikakuta sababu (nitaieleza chini, ni ile ya S), nikaitoa, programu ikaingia bila tabu. Maalim akavaa hedfoni, akakohoa kidogo, akasema "Bismillahi" kwa sauti yake ile ya darasani. Skrini ikaandika jina la bibi wa Kizungu ambaye hatumjui sote wawili. Akasema sentensi nzima, ikaandika habari za samaki na reli. Programu ilikuwa ya Kiingereza tupu. Siku tatu za kuhangaika, na hata ingeingia siku ya kwanza isingemfaa.

Dragon, ambayo ndiyo jina kongwe katika programu hizi (NaturallySpeaking ya kwanza ilitoka 1997), ina Kiingereza na lugha chache za Ulaya. Kiswahili haina. Voice Access iliyomo ndani ya Windows 11 nayo ina lugha chache, na yetu haimo. Kama unaandika ripoti kwa Kiingereza, endelea na maswali ya kusakinisha. Kama unataka Kiswahili, soma swali linalofuata kwanza, huenda usihitaji kusakinisha chochote.

Nataka Kiswahili. Niweke programu gani?

Kwa wengi jibu ni: usiweke. Fungua Chrome, ingia Google Docs, fungua ukurasa mtupu, bonyeza "Tools" kisha "Voice typing", au kwa mkato Ctrl, Shift na S kwa pamoja. Itatokea alama ya maiki pembeni, na juu yake jina la lugha. Hapo ndipo watu wanapopita bila kutazama: bonyeza jina hilo, shuka chini, chagua Kiswahili cha Tanzania. Bonyeza maiki, ikiwa nyekundu sema. Inataka intaneti muda wote, na laptopu ya bei ndogo kabisa inaiweza, kwa sababu kazi ya kusikiliza haifanyiki kwako, inafanyika kwenye mitambo yao huko mbali.

Jambo moja la kulijua mapema: amri za kutamka nukta na mkato zinafanya kazi kwa lugha chache tu, Kiingereza, Kifaransa na nyenginezo za Ulaya. Kwa Kiswahili ukisema "nukta" itakuandikia neno nukta. Vituo utavitia mwenyewe kwa mkono baadaye. Maalim wangu alilalamika siku moja, ya pili akazoea. Anasema, na mjukuu anatia nukta.

Simu nayo isidharauliwe. Kibodi ya Gboard ina maiki na inajua Kiswahili. Kuna mwandishi wa habari namjua, hutunga habari zake akiwa ndani ya gari ya shamba kwa simu, akifika mjini anazifungua kwenye laptopu na kuzisafisha tu.

Ya tatu ni Whisper, iliyotolewa na OpenAI mwaka 2022. Hii ndiyo ya watu wenye rekodi: mahojiano ya utafiti, darsa, mikutano. Inajua Kiswahili miongoni mwa lugha zake zipatazo 99, na inafanya kazi bila intaneti ukishaiweka. Lakini ndiyo yenye vituko vingi katika kuisakinisha, na nimeipa sehemu yake chini.

Nikibonyeza faili, inaniambia nichukue programu kwenye Microsoft Store tu. Kwa nini?

Hii ndiyo iliyomkamata maalim. Laptopu nyingi mpya za bei nafuu hutoka kiwandani na Windows iliyofungwa kwa hali inayoitwa S. Ikiwa kwenye S, haikubali programu yoyote isiyotoka kwenye duka la Microsoft, hata iwe halali na umeilipia. Laptopu haina ubovu wowote na programu ni nzima.

Kuitoa ni bure. Fungua "Settings", "System", "Activation". Utaona sehemu inayosema "Switch to Windows 11 Home" au Pro, na chini yake "Go to the Store". Bonyeza hiyo, duka litafunguka kwenye ukurasa wenye kitufe cha "Get", na huenda likakutaka uingie kwa akaunti ya Microsoft. Dakika chache, imekwisha. Angalia lakini: ukurasa uleule unaweza kuwa na sehemu ya pili, "Upgrade your edition of Windows", nayo ina "Go to the Store" yake. Hiyo ni ya kununua. Nimeona mtu akifika mpaka penye bei akadhani kutoka S kunauzwa.

Ukitoka hakuna kurudi. Kwa mtu mzima anayetaka kufanya kazi zake, sioni hasara. Kwa laptopu ya mtoto ningefikiri mara mbili.

"This app can't run on your PC". Ina maana gani?

Ina maana tatu, na ujumbe haukwambii ni ipi.

Ya kwanza, na hapa kwetu naikuta zaidi, faili halijatimia. Bando lilikatika katikati, au umeme ulikwenda na ruta ikazima, wewe ukaona jina la faili lipo ukadhani limekamilika. Nilishikwa na hili mimi mwenyewe, kwa hiyo silisemi kwa kujidai. Nilipakua faili la gigabaiti moja na nusu, usiku, nikalala. Asubuhi nikahangaika nalo saa nzima, nikazima antivairasi, nikabadilisha mipangilio, nikamlaumu mtengenezaji. Mwisho nikabonyeza faili kwa kitufe cha kulia nikaenda "Properties": megabaiti 312. Sasa ni kitu cha kwanza nikitazamacho. Linganisha ukubwa ulioandikwa kwenye tovuti na ukubwa wa faili ulilonalo. Ukipungua, futa, pakua upya.

Ya pili, prosesa si ya aina hiyo. Tangu katikati ya 2024 zimeenea laptopu za Windows zenye prosesa za Snapdragon, ambazo ni za aina ya ARM, kama za simu. Nzuri, hazichemki, betri inadumu. Windows inajitahidi kuendesha programu za Intel kwa kuzitafsiri, na nyingi zinakubali. Lakini programu zinazotaka kuweka draiva (programu ndogo za kuendesha kifaa) zao wenyewe za sauti hukwama, maana draiva haitafsiriki. Tazama "Settings", "System", "About", mstari wa "System type". Ukiona neno ARM, tafuta toleo la ARM la programu yako.

Ya tatu, Windows yako ni ya biti 32 na programu ni ya 64. Windows 11 haina toleo la biti 32 kabisa, kwa hiyo ukikutana na hili, hiyo laptopu si mpya. Ni mpya kwako.

Limetokea boksi la buluu, "Windows protected your PC". Nimepata virusi?

La. Windows haimjui mtengenezaji wa faili hilo, basi. Ukiwa na hakika umelichukua kwenye tovuti ya wenyewe, bonyeza maandishi madogo "More info", kitufe cha "Run anyway" kitajitokeza chini. Ukiwa ulitumiwa na mtu kwenye kundi la WhatsApp, sikiliza boksi.

Kuna ndugu yake mkali zaidi, Smart App Control, ambaye huja amewashwa kwenye baadhi ya Windows 11 mpya. Huyu hakupi "Run anyway". Yumo ndani ya "Windows Security", "App & browser control". Unaweza kumzima, lakini usifanye kwa pupa: kwa muda mrefu ilikuwa ukishamzima humrudishi mpaka usafishe kompyuta upya.

Laptopu yangu ni ya kutoka Dubai. Inanitaka pasiwedi ya administrator ambayo sinayo.

Hapa tuambiane ukweli. Laptopu nyingi zinazouzwa hapa kama mpya zimewahi kufanya kazi ofisini kwa watu. Hakuna ubaya, nami hutumia moja. Tatizo ni pale ambapo kampuni ya kwanza ilizisajili kwenye mfumo wake wa kusimamia kompyuta na hazikufutwa. Dalili zake: kwenye mipangilio unaona maandishi kwamba baadhi ya mambo yanasimamiwa na "your organization", au ukiisafisha Windows upya na kuunga intaneti, inakutaka barua pepe ya kampuni ambayo hujapata hata kuisikia.

Hiyo haina dawa kwangu. Windows mpya haisaidii, kwa sababu usajili umeshikana na namba ya laptopu yenyewe kwenye seva zao. Irudishe kwa aliyekuuzia, na urudi mapema. Ndiyo maana nawaambia watu, ukinunua laptopu yoyote yenye historia, iunganishe na hotspoti ya simu palepale dukani kabla hujatoa pesa.

Kama ni pasiwedi ya kawaida tu na aliyeiweka ni kijana wa duka, mpigie akupe. Kama laptopu ni ya ofisi au ya skuli, muone anayehusika, usiitafutie njia ya uchochoroni.

Inasema kuna usakinishaji mwengine unaendelea, nami sijaanzisha kitu.

Umeanzisha bila kujua. Laptopu mpya ikipata intaneti kwa mara ya kwanza huanza kujivutia masasisho yake, na Windows haisakinishi programu mbili za aina moja kwa wakati mmoja. Namba ya kosa hilo huwa 1618. Nenda "Windows Update", iache imalize yote, kisha bonyeza "Restart".

Nimesema "Restart", sikusema uzime na uwashe. Watu hudhani ni kitu kimoja. Kwenye Windows za sasa ukizima kwa "Shut down", sehemu ya ndani ya mfumo huhifadhiwa ili kuwaka kuwe haraka, na ukiwasha inarudi na matatizo yaleyale. "Restart" ndiyo inayoanza upya kweli. Mteja akiniambia "nimeizima mara kumi", namwomba aifanyie "Restart" mara moja, na nusu ya safari huwa tumemaliza.

Namba 1603 nayo ni maarufu lakini haisemi mengi: imeshindikana, basi. Fanya "Restart", bonyeza faili kwa kitufe cha kulia, chagua "Run as administrator". Ikirudi tena, tazama nafasi ya diski.

Nafasi gani? Laptopu ina gigabaiti 64 na sijaweka hata picha moja.

64 ndiyo kiwango cha chini kabisa ambacho Windows 11 inakikubali, na Windows yenyewe pamoja na masasisho yake hula sehemu kubwa. Kilichobaki unakiona dukani kinatosha, baada ya wiki hakitoshi. Programu ya imla ya gigabaiti mbili inaweza kutaka maradufu yake wakati wa kusakinishwa, kwa sababu kwanza inajifungua kwenye folda ya muda ndipo ijihamishe. Fungua "Settings", "System", "Storage", safisha "Temporary files". Kuweka faili la kusakinishia kwenye flashi kunasaidia kidogo. Gigabaiti kumi bora ziwe wazi kabla hujaanza.

Haiungani na seva ya kuthibitisha leseni, na intaneti ipo.

Tazama tarehe chini ya skrini. Siyo saa tu, mwaka. Laptopu iliyokaa ghalani muda mrefu, betri yake ndogo ya ndani ikafa, huwaka ikidhani ni miaka kadhaa nyuma. Vyeti vya usalama vya tovuti vina tarehe, na mashine ikiamini kwamba cheti bado hakijaanza kutumika inakataa kuzungumza na seva. Washa "Set time automatically". Kwenye orodha ya majira usihangaike kutafuta Zanzibar wala Dar es Salaam, hazimo. Chagua Nairobi, yenye +03:00.

Nina programu kwenye CD, laptopu haina pa kuitia.

Itie kwenye kompyuta ya zamani yenye pa CD, nakili yaliyomo yote kwenye flashi, sio faili moja. Lakini tazama kwanza umri wa programu yenyewe. Dragon ya toleo la 13 na jamaa zake zilitengenezwa kabla ya Windows 11 kuwapo. Kwa Mac hali ni nyengine: Dragon ya Mac ilisimamishwa 2018, usiitafute.

Whisper imenishinda. Nimefuata maelekezo ya video hatua kwa hatua.

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu wanafunzi wanaokuja na rekodi za mahojiano wote wanaumia pahala pamoja.

Video nyingi zinakutaka uweke Python kwanza, lugha ya kompyuta ambayo Whisper imeandikwa kwayo. Ukiifungua tovuti yake inakupa toleo jipya kuliko yote, nawe kwa heshima unalichukua. Basi hapo ndipo lilipo tatizo. Whisper inategemea vifurushi vyengine, kimoja kikiitwa numba, ambavyo huchelewa kukubali Python mpya. Utaona mistari myekundu mirefu, mwisho neno "error". Ondoa hiyo, weka toleo la Python la nyuma kidogo. Mimi hutumia 3.11 na sijajuta. Wakati wa kuiweka, dirisha la kwanza kabisa lina kisanduku kidogo chini, "Add python.exe to PATH". Kitie alama. Ukikiruka, kila amri utakayoandika itajibiwa kwamba Python haijulikani.

La pili: imeingia, unaipa rekodi, inasema "The system cannot find the file specified". Unatazama, faili lako lipo mbele ya macho yako. Faili inalolitafuta silo lako. Inatafuta ffmpeg, programu ndogo ya kufungua sauti, ambayo Whisper haiji nayo. Andika kwenye Terminal, lile dirisha la kuandikia amri: winget install ffmpeg. Funga Terminal, ifungue upya, jaribu tena.

La tatu ni modeli, yaani faili la mafunzo ambalo ndilo linaloijua lugha. Whisper ina ukubwa mbalimbali. Kwa zile za whisper.cpp, toleo jepesi la Whisper, tiny ni kama megabaiti 75, small kama 466, large inakaribia gigabaiti tatu. Tiny itaingia haraka na itakuandikia Kiswahili cha kuchekesha. Kwa Kiswahili usiende chini ya small, na kama kompyuta inaweza, large. Kwenye laptopu ya RAM ya gigabaiti 4, large itaifanya igande kama imesikia habari ya msiba.

Kama haya yote ni mazito, zipo programu zenye dirisha la kawaida ambazo ndani yake ni Whisper ileile, unaburuta faili unalitia. Nazo zina mtego wake: laptopu nyingi za bei ya chini zina prosesa za Celeron, kama N4020 au N4500, ambazo hazina amri za hesabu zinazoitwa AVX. Programu inaingia vizuri, ukiifungua inajifunga bila kusema neno. Ni prosesa, huwezi kuibadilisha. Laptopu yenye N100, ambayo bei yake haipishani sana, inazo. Kama hujanunua bado, hilo ndilo la kumuuliza muuzaji, kuliko rangi ya kava.

Inasema inakosa MSVCP140.dll.

Hilo ni faili la kusaidia ambalo programu inalihitaji; usilitafute peke yake kwenye tovuti za ajabu ajabu. Nenda Microsoft, pakua "Visual C++ Redistributable", ya x64, weka, "Restart".

Nizime antivairasi?

Mwisho wa yote, kwa dakika za kusakinisha tu, na kwa faili la wenyewe. Laptopu mpya hupenda kuja na antivairasi ya majaribio ya siku 30 ambayo hukuiomba. Mimi huitoa kabisa, Windows ina ya kwake.

Kuna kijana anaweza kunipa ya "crack", iliyovunjwa leseni.

Programu ya imla inapewa ruhusa ya kusikiliza maiki yako muda wote. Fikiri ni nani unayempa sikio hilo. Sitii za namna hiyo mezani kwangu, wala sizitengenezi zikiharibika.

Bando linaisha kabla programu haijamaliza kupakuliwa.

Faili unalolipakua pengine ni la megabaiti mbili tu, nawe ukafurahi. Hilo ni tarishi: ukilifungua ndipo linapoanza kuvuta gigabaiti zenyewe, na likikatika linaanza mwanzo. Tafuta kwenye tovuti toleo la "offline installer", hilo ni kamili, na unaweza kulipakua kwa rafiki mwenye intaneti nzuri ukalichukua kwenye flashi. Kabla ya yote, nenda kwenye mipangilio ya Wi-Fi yako uwashe "Metered connection", ili Windows isile bando lako kwa masasisho wakati wewe unapakua jambo lako. Ukimaliza izime, masasisho nayo yanahitajika.

Imeingia, inafunguka, lakini haisikii chochote.

"Settings", "Privacy & security", "Microphone": viwili viwashwe, cha juu kabisa na kile cha kuruhusu programu za desktop. Laptopu nyengine zina kitufe cha kuzima maiki kwenye kibodi, chenye taa ndogo. Mtoto akigusa, basi.

Halafu hedfoni. Zile za zamani zina pini mbili, ya kijani na ya waridi. Laptopu mpya ina tundu moja. Ukitia ya kijani unasikia, maiki haipo; ukitia ya waridi hupati kimoja wala kingine. Nunua kiunganishi cha kuzikusanya mbili kuwa moja, au hedfoni ya USB, ambayo naipendekeza zaidi.

Inasikia, lakini inaandika upuuzi. Nimesema Kiswahili safi.

Usafi wa Kiswahili chako sina shaka nao. Kiunguja ndicho kilichochaguliwa 1928 kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na bado mashine inababaika mbele ya Mzanzibari. Imefunzwa kwa sauti ilizozipata, na sauti zetu ni chache humo. Mpemba akisema "nkono" inasikia kitu chengine kabisa. Mimi kwa imla husoma kama mtangazaji wa taarifa ya habari: polepole, neno zima zima, sentensi mpaka mwisho. Majina ya watu na vijiji huyasahihisha kwa mkono bila kugombana.

Tazama na chumba. Feni ikikupulizia kwenye maiki, mashine inasikia upepo. Mvua kwenye mabati ndiyo basi, ngoja ipite. Na kwa Whisper, kata vipande vya kimya kwenye rekodi kabla hujaitia: ina tabia inayojulikana ya kutunga sentensi pale ambapo hakuna aliyesema. Mwanafunzi wangu mmoja alikuta kwenye mahojiano yake maneno ya kushukuru watazamaji, na aliyehojiwa ni mvuvi wa Nungwi aliyekuwa amenyamaza akiwasha sigara.

Nina Chromebook.

Faili za .exe haziingii humo, kwa njia yoyote ya kawaida. Tumia Google Docs, inakutosha.

Nina Mac, inasema haimjui mtengenezaji.

"System Settings", "Privacy & Security", shuka chini, "Open Anyway".

Nimejaribu yote. Nije na nini?

Njoo na picha ya ujumbe wenyewe ulivyo kwenye skrini, ipige kwa simu kabla hujaifunga. "Iliandika kitu cha Kiingereza" haitusaidii. Njoo na risiti kama laptopu ni ya wiki hii, na akaunti ya Microsoft pamoja na pasiwedi yake, maana kukumbuka pasiwedi mezani kunachukua muda kuliko kazi yenyewe. Kama programu ni ya kulipia, niletee namba ya leseni. Rekodi fupi ya dakika moja ya kujaribia pia, isiwe ya siri.

Na chaja. Kila wiki kuna anayevuka kutoka Pemba ameiacha chaja kitandani.